Hakuna Kitufe cha Kukaa

Mimi gemu sizipendi. Niliseme hilo mapema, msije mkanipa sifa zisizo zangu. Nikitoka kazini nataka maji ya moto, nataka kukaa, na nataka mtu yeyote asiniulize chochote. Lakini mwaka huu peke yake nimemaliza gemu nne mpya kwa mikono yangu hii. Nimeua majoka. Nimefunga mabao ya kichwa. Nimetafuta mlango ndani ya mgodi wenye giza mpaka nikawa nauota. Yote hayo kwa ajili ya kaka yangu, ambaye nampenda, na ambaye, Mungu anisamehe, kuna siku nilitaka kumtwanga kichwani kwa padi ya kuchezea.

Kaka yangu wanamwita Wakili. Mahakamani hajawahi kukanyaga. Kazi yake ilikuwa kutandaza nyaya za umeme kwenye nyumba za watu. Jina hilo alilipata kwenye benchi la Fundi Simu, pale kwenye kona yetu. Ni duka jembamba lenye kioo cha mbele kilichopasuka, na ndani kuna televisheni kubwa ambayo mteja mmoja aliileta itengenezwe, halafu akahama mji. Kila Jumapili alasiri watu wazima wenye akili zao wanakaa mbele ya televisheni hiyo kubishana kuhusu gemu. Yupo Fundi mwenyewe. Yupo Mwalimu, anayefundisha hesabu na kuzipa gemu alama kama anasahihisha mtihani. Yupo Mama Pacha, keshia wa duka la vyakula, aliyeanza kucheza ili awazuie wanawe mapacha, sasa wanawe ndio wanaomzuia yeye. Halafu yupo kaka yangu, na kaka yangu akianza kubisha, hata ambaye hana hamu ya gemu husimama mlangoni kusikiliza.

Benchi lile lina sheria moja tu, nayo wameitoa kwenye methali: aisifuye mvua imemnyea. Huruhusiwi kuisifu gemu wala kuiponda kama hujaimaliza kwa mikono yako mwenyewe. Kutazama video za wenzako wakicheza hakuhesabiwi. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo unaulizwa, "Umelowa?" Ukijibu, "Nimelowa chapachapa," unaendelea. Alikuwepo kinyozi mmoja akadanganya kuwa amelowa. Walipomgundua walimcheka mpaka akahamia kwa wacheza karata. Hadi leo akilikaribia duka la Fundi anavuka barabara.

Sasa mikono ya kaka yangu ilianza kufa ganzi mwaka jana. Kwanza bisibisi ilimponyoka, kisha kikombe, kisha funguo. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, akatoa dawa, akasema tusubiri tuone. Tumesubiri, tumeona. Siku hizi vifungo vya shati namfunga mimi, tena kwa kugombana. Kazi imeenda, marafiki wa kazini wameenda na kazi yao, na kilichobaki ni mdomo wake na Jumapili.

"Waambie tu ukweli," nilimwambia. "Wale ni watu wako."

"Wakijua watanihurumia," akasema. "Na mtu anayehurumiwa habishiwi."

 Nikamwona akilini kaka yangu amekaa kwenye lile benchi, kila mtu akimkubalia kila anachosema, wakimtilia chai na kumshikia kikombe. Angekufa. Basi tukafunika kombe mwanaharamu apite: mimi nikawa mikono, yeye akawa macho na mdomo. Jumapili akienda kwa Fundi anavaa koti na kutia mikono mfukoni, na hawezi kuitoa hata inzi akimtua puani. Wenzake wanadhani ni maringo. "Wakili siku hizi anahutubia kama waziri," anasema Mama Pacha, na kaka anacheka.

Video hatazami kabisa. Anasema huo ndio uongo wenyewe, huu wetu ni msaada tu.

Tatizo ni kwamba hiyo mikono aliyoazima nayo ina kazi zake. Nafanya kazi kwenye ufuaji wa mashuka ya hospitali. Tuna mashine ya kukamua maji, komeo la mfuniko wake limekufa, kwa hiyo ikizunguka lazima mtu auegemee mfuniko kwa mikono miwili, la sivyo unafunguka na mashine inazima. Mtu huyo ni mimi. Msimamizi anasema fundi yuko njiani. Haya, kaa hapo usubiri meli uwanja wa ndege. Nikitoka zamu mikono inatetemeka hadi wakati wa chakula, kijiko kinagonga sahani peke yake. Jikaze kisabuni, tunaambiana kazini, na sabuni kweli tunayo. Nimezoea, na nyumbani sikusema. Pale nyumbani mgonjwa wa mikono alikuwa mmoja, na nafasi ilikuwa imejaa.

Ndipo ikaja hii gemu ya nne, *Mbeba Taa*. Wiki hiyo hiyo padi yetu ya zamani ilikufa, Fundi akatupa nyingine, iliyotumika lakini nzima.

*Mbeba Taa* ni hivi. Kuna mwanamke ameingia mgodini na taa ya mafuta, mgodi umefungwa nyuma yake, na lazima atokee upande wa pili wa mlima. Basi. Hakuna ramani, hakuna mshale, hakuna mtu wa kumwelekeza. Kuna njia zinazogawanyika na kugawanyika, na mashine za zamani zinanguruma kila mahali mpaka huisikii hata redio ya jirani. Jioni nikifika nyumbani, kabla sijavua viatu, kaka ameshakaa ukingoni mwa kitanda, gemu imeshawashwa. Anaiwasha kwa kidole gumba cha mguu.

"Pole na kazi, mdogo wangu. Tulifika kwenye daraja."

"Nimeshaona kaka. Naomba ninywe maji."

"Kunywa, kunywa. Lakini tulifika kwenye daraja."

Nakaa chini, nashika padi, natembea. Yeye nyuma yangu anaelekeza kama kondakta. Kulia! Si huko, kulia kwako! Rudi! Huku tulishapita, huoni ule mkokoteni? Na mikono yangu, kama kawaida yake, inatetemeka. Wakati mwingine kidogo. Wakati mwingine inazidi mpaka mifupa ya vidole inawasha, hapo nasimama, naweka padi juu ya goti, nasubiri itulie. Kisha nageuka njia nyingine ili nisichoke zaidi.

"Mbona umesimama?"

"Napumzika."

"Mafuta ya taa yanaisha, wewe unapumzika?"

"Hata mimi mafuta yameisha, kaka!"

"Endelea tu kidogo. Kidogo tu."

Tulitangatanga kwenye ule mgodi kama kuku wageni. Mwenzangu mmoja kazini ana mdogo wake aliyeimaliza kwa siku chache. Sisi ilitula jioni zote mpaka nikaanza kumchukia yule mwanamke na taa yake. Mlango tuliupata kwa bahati, siku niliyokuwa nimechoka hata wazo la kusimama nipumzike halikunijia. Nilitembea tu. Mikono ilitetemeka kuliko siku zote, nikasema liwalo na liwe, na mlango huo hapo. Mwanga ukajaa kwenye kioo. Kaka akapiga kelele. Mimi nikaenda kuosha vyombo.

Jumapili ikafika. Hospitali haina Jumapili, kwa hiyo nilitoka nusu zamu, nikampitia kaka, nikamfungia zipu ya koti, tukaenda. Kwa kawaida mimi hukaa pembeni kwenye kiti cha wateja na kusinzia. Wanajua mimi ni mdogo wake Wakili ninayemsindikiza, basi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimefuata nini.

Walianza na gemu ya mpira.

"Hii ni ya mwaka jana iliyobadilishwa jezi," akasema Mama Pacha. "Kipa bado anadaka kama kapakwa mafuta mikononi."

"Ila tope lao wamelipatia," akasema Mwalimu. "Mvua ikinyesha mpira unanasa. Naipa sita."

"Sita kwa ajili ya tope! Mwalimu, wanafunzi wako wana bahati."

Fundi akaileta ile gemu ya jiji kubwa, ambayo wote walikuwa wamelowa nayo na wote walikuwa wameichoka. Jiji zima, maghorofa mpaka mawinguni, halafu milango yote imechorwa tu ukutani. Unabisha hodi mpaka unazeeka. "Siku hizi wanatupa ukubwa badala ya utamu," akasema Fundi, akapiga miayo. Hata ubishi wenyewe siku ile ulikuwa umechoka. Mwalimu alikuwa na rundo la mitihani nyumbani, Mama Pacha miguu imevimba kwa kusimama, na kila mtu aliongea kama anayetafuta sababu ya kuondoka.

Kaka yangu akajisogeza mbele. Alikuwa ameisubiri zamu yake wiki nzima.

"*Mbeba Taa*," akasema.

"Umelowa?" akauliza Fundi.

"Nimelowa chapachapa."

Nikafumba macho vizuri.

"Gemu hii ni nzuri kwa macho," akaanza, mikono mfukoni, kidevu juu. "Kivuli cha taa kinavyocheza ukutani, sijaona mfano wake. Lakini ndugu zangu, ni gemu bubu. Inakutupa gizani na haikwambii neno. Ramani hakuna, alama hakuna. Unabahatisha njia moja baada ya nyingine mpaka siku Mungu akipenda. Huo si ugumu, ni uvivu wa waliotengeneza. Kumficha mtu njia ni kazi rahisi. Kazi ni kumwonesha bila yeye kujua kwamba ameoneshwa."

Maneno mazuri kweli. Hata mimi nilifungua jicho moja. Lakini hakuna aliyecheka, wala aliyebisha. Mama Pacha alikuwa amemgeukia na kikombe chake hewani.

"Wakili, unasema haioneshi njia?"

"Haioneshi."

"Na padi?"

"Padi imefanya nini?"

"Inatetemeka! Ukielekea sawa inatetemeka, na ukikaribia mlango inazidi. Ukipotea inakaa kimya, ukisimama inatulia. Hiyo ndiyo gemu yenyewe, baba. Mwenye kushika padi hawezi kukosa kujua."

 Nikaitazama mikono yangu juu ya mapaja. Ilikuwa inatetemeka.

Kaka alishusha kidevu kidogo tu. Mtu mwingine asingegundua. "Yangu haitetemeki," akasema. "Itakuwa mota imekufa."

"Haiwezekani," akasema Fundi, na hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetetea kazi yake. "Mota za padi ile nimezibadilisha mwenyewe kabla sijakupa. Hebu shika hii, ni ya aina ile ile, uone."

Akamrushia. Alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwake, akamrushia kama unavyomrushia mtu chungwa.

Mikono ya kaka ilitoka mfukoni ikiwa imechelewa. Padi ilimgonga kifuani, ikapita katikati ya vile vidole visivyofunga, ikaanguka sakafuni na kifuniko cha betri kikaruka mpaka chini ya kabati. Akainama kuiokota. Akajaribu. Akajaribu tena. Vidole vilikuwa vinaisukuma tu kwenye sakafu, na sisi wote tulikuwa tunatazama. Laiti ningeinuka mapema. 

"Wakili," akasema Mwalimu polepole. "Tangu lini?"

 Kaka alikaa wima, akarudisha mikono mfukoni, akatazama televisheni iliyozimwa. Uso wa kaka yangu ninaujua tangu nizaliwe, na sikuwahi kuuona umefungwa vile. Nikaona Mama Pacha ameshaanza kuinamisha kichwa upande, macho yamelainika, midomo inajiandaa kusema pole. Ile huruma yenyewe aliyoikimbia mwaka mzima ilikuwa inakuja, imeshavaa viatu.

Nikakasirika. Sijui nilimkasirikia nani, labda wote, labda yule mwanamke na taa yake.

"Msimwambie pole!" nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Hamkumhukumu kwa kosa lake, mmemhukumu kwa kosa langu. Aliyecheza ni mimi. Gemu zote nne nimecheza mimi, yeye anaelekeza. Na padi ilitetemeka. Ilitetemeka kila siku. Mimi nilidhani ni mikono yangu."

Wakanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Ulidhani vipi ni mikono yako?" akauliza Fundi.

Basi nikawanyoshea mikono. Sikuwa na la kuficha tena. Vidole vilikuwa vinacheza hewani vyenyewe, kama vya bibi kizee, nami sijafika hata nusu ya umri wake. Nikawaambia habari za mfuniko na mashine ya kukamua. Nikawaambia kwamba ilipozidi kutetemeka nilikuwa naweka padi chini, nageuka, natafuta njia isiyochosha.

"Ala!" akasema Mama Pacha. "Kumbe kila ulipoukaribia mlango ndipo ulipougeuzia mgongo."

"Kila mara," nikasema.

Hapo nikamsikia kaka akivuta pumzi. Hakuwa anatazama televisheni tena. Alikuwa anaitazama mikono yangu, na macho yake yalikuwa na mshangao wa mtu aliyeishi kwenye nyumba miaka yote na leo ndiyo anaona kuna dirisha.

Fundi aliokota padi, akairudishia kifuniko chake, akaigeuzageuza. Nilijua wanafikiria nini. Sheria ni sheria, na kinyozi aliondoka kwa hiyo hiyo.

"Aisifuye mvua imemnyea," akasema hatimaye. "Wakili hakulowa. Lakini kuna mtu hapa amelowa." Akanigeukia. "Mdogo wetu, wewe umeimaliza. Unasemaje kuhusu hii gemu?"

Jamani. Gemu nne, jioni zote zile, na hakuna hata mmoja, hata yule niliyemchezea, aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilitaka kusema sina maoni, naomba twende nyumbani. Lakini mdomo ulishapashwa moto.

"Kuna kitufe cha kukimbia," nikasema. "Kuna cha kuruka, cha kuinua taa, cha kusukuma mkokoteni. Kuna hadi cha kupangusa jasho, nacho hakisaidii kitu. Yule mwanamke anatembea ndani ya mlima mchana na usiku. Na vitufe vyote vile, hakuna hata kimoja cha kukaa. Nilikitafuta. Nilibonyeza vyote. Waliotengeneza ile gemu hawajawahi kuchoka. Mtu aliyechoka kweli, kitu cha kwanza anachotafuta gizani si mlango. Anatafuta pa kukaa."

 Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ni kweli hakuna," akasema. "Nami sikuona. Nilikuwa nimeipa tisa." Akafikiria. "Saba."

"Tisa ibaki!" akaruka Mama Pacha. "Kwa nini akae? Mafuta yanaisha!"

"Kwa sababu amechoka, mama! Umesikia?"

"Kuchoka ndiyo hadithi yenyewe! Akikaa hadithi imekwisha!"

Wakaanza. Fundi akaingia kati, mara wote watatu wanapiga kelele, na katikati ya kelele Mama Pacha akamgeukia kaka na kumkazia macho makavu yasiyo na huruma hata chembe. "Na wewe Wakili usijidai kununa. Kosa lako si kucheza kwa mikono ya dada yako. Kosa lako hukuiuliza mikono ilichoona. Jumapili ijayo unakuja, naye anakuja, na kabla hujatuhutubia unamuuliza kwanza yeye. La sivyo kaungane na kinyozi."

"Sawa," akasema kaka yangu. Lilikuwa neno moja tu, na kwa Wakili hilo ni jambo la ajabu.

Tulirudi kwa miguu, polepole. Jua lilikuwa bado lipo juu ya mapaa. Mimi nilikuwa nawaza chakula bado hakijapikwa na shati la zamu ya kesho halijapigwa pasi. Tulipofika kwenye duka la vitambaa, ambalo Jumapili hufungwa, kaka akasimama mbele ya ngazi zake.

"Tukae," akasema.

"Kaka, sijapika."

"Nani anatuwahisha? Kaa."

Nikakaa. Naye akakaa kando yangu. Watu walipita na mizigo yao. Miguu yangu ilianza kuuma kwa ule uchungu mtamu unaokuja ukishaacha kusimama. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta kwa sababu hata kuyafuta ni kazi.

"Nilikuwa nakuambia endelea," akasema. "Kila siku. Endelea kidogo tu."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unatetemeka."

"Hukujua, kaka."

"Sikuuliza." Akatoa mikono mfukoni, akailaza juu ya magoti yake, mchana kweupe, mbele ya wapita njia wote. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo Wakili hanayo, sauti ya kaka yangu wa zamani: "Pale mwisho. Mlango ulipokuwa karibu kufunguka. Ilikuwaje?"

 Nikamshika kiganja kwa mikono yangu miwili na kukiacha humo. Haikunibidi kufanya kitu. Mikono ilikuwa inatetemeka yenyewe tangu asubuhi.

"Hivi," nikamwambia. "Hivi hivi."

Alifumba macho. Vidole vyake vilijaribu kufunga juu ya vyangu, vikafika nusu, vikabaki hapo. Akasikiliza muda mrefu.

"Basi," akasema, "ni gemu nzuri ile."

Katika maisha yangu yote, ndiyo mara ya kwanza nimemsikia kaka yangu akikubali kushindwa. Tukaendelea kukaa.